Kuvuka darasa la sita: njia ya watoto wa Dilolo kwenda sekondari, tangu siku za reli hadi leo



Mwisho wa mwaka wa masomo uliopita mama mmoja alinisimamisha sokoni. Alifika hapa Dilolo na watoto wake baada ya kukimbia vita vya Kasai. Binti yake mkubwa alikuwa amepita ekzameni ya mwisho wa shule ya msingi, ile ambayo wengi bado tunaiita TENAFEP. Akaniambia: "Mwanangu, wewe unasemaka kwenye redio. Mtoto amepita, kila mtu ananipongeza. Sasa mimi nifanye nini?"

Nilimjibu haraka haraka, kisha nikaona haya. Swali lake ni la zamani kuliko mimi na yeye. Wazee wetu wa teritware hii waliulizana hivyo hivyo, na majibu yao yanaweza kutusaidia leo.

Tuanze na reli. Njia ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito, ilifika mpaka wa Angola na Kongo mwaka 1929. Mwaka 1931 iliunganishwa na reli ya Katanga, ile inayotoka Tenke kupita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji hadi Dilolo. Watu wa kampuni waliitaka kwa ajili ya shaba. Lakini kwa familia zetu treni ilikuwa pia njia ya mtoto kwenda kusoma. Kutoka Dilolo hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400, na hakuna mtoto anayeweza kuzitembea kwa miguu na sanduku kichwani.

Kwa nini mtoto aende mbali hivyo? Kwa sababu hapa shule ilikuwa ya msingi tu. Wakati wa Wabelgiji serikali iliacha masomo mikononi mwa misioni. Upande wetu walikuwa Wakatoliki wa shirika la Wafransisko, na Wametodisti kule Sandoa na Kapanga. Mtoto alijifunza kusoma, kuhesabu, katekisimu na kazi ya mikono, basi. Programu ya mwaka 1948 ndiyo iliyoanza kufungua sekondari ya kweli kwa vijana wa Kongo, na kuanzia mwaka 1954 zikaja shule za serikali zisizo za dini. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka huo wa 1954, na cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Vyote vilichelewa. Tarehe 30 Juni 1960, tulipopata uhuru, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu nchi nzima hawakuzidi 30.

Kwa wasichana ilikuwa ngumu zaidi. Wengi waliishia kufundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kambo yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisema kwamba kaka yake alisindikizwa gare na ukoo mzima, na yeye alisindikizwa kwa mume.

Katika hadithi za kambo kuna jambo moja ambalo sikulielewa nilipokuwa mdogo. Huyo kaka yake hakupelekwa na baba yake peke yake. Mjomba alitoa blanketi. Jirani Mchokwe alitoa mfuko wa unga wa mihogo. Mfanyakazi mmoja wa reli aliyekuwa na nyumba mjini alikubali kumlaza. Kuvuka kwenda sekondari ilikuwa kazi ya watu wengi.

Baada ya uhuru shule ziliongezeka. Miaka miwili ya kwanza ya sekondari ikafanywa kuwa miaka ya kumtazama mtoto na kumwelekeza. Mwaka 1967 ikaanza Ekzameni ya Taifa kwa wanaomaliza. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule za makanisa, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia saini mapatano ya kuyarudishia makanisa uongozi wa shule hizo.

Siku kumi tu baadaye vita viliingia hapa. Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FNLC walivuka kutoka Angola. Dilolo, Kisenge, Kasaji, kisha Mutshatsha zikaanguka. Wenye umri wanakumbuka: ilikuwa katikati ya mwaka wa masomo. Vita vilipokwisha mwezi wa Mei, jeshi liliporudi, watu wengi wa hapa walikimbilia Angola kwa hofu ya kisasi. Mwaka uliofuata, Mei 1978, ikawa zamu ya Kolwezi, mji ule ule ambako watoto wetu walikuwa wakisoma.

Fikirini mtoto wa darasa la sita mwaka ule. Buletini imebaki nyumbani au imeungua. Upande wa pili wa mpaka mwalimu anafundisha Kireno. Baada ya msamaha wa mwaka 1978 wengi walirudi, lakini mtoto aliyeondoka na miaka 12 alirudi amekuwa mkubwa, na hana karatasi ya kuonyesha alifika wapi. Baadhi hawakurudi shuleni tena. Nimezungumza na wazee wawili wa namna hiyo, na wote wawili walisema neno moja: akili ilikuwepo, karatasi ndiyo ilikosekana.

Na njia hii ina pande mbili. Waangola nao walikimbilia kwetu katika miaka mingi ya vita vyao, hata katika kambi za wakimbizi kama ile ya Kisenge. Amani ilipokuja mwaka 2002, na safari za kurudi zilipoanza mwaka 2003, watoto waliosoma hapa kwa Kifaransa walikwenda kuanza upya kwa Kireno. Kwa hiyo familia zilizotoka Kasai mwaka 2016 na 2017, au zilizotoka mbali zaidi, zisidhani kwamba ni wageni wa taabu hii. Hapa Dilolo karibu kila ukoo umeipitia.

Mimi nilivuka darasa la sita baada ya mwaka 2000. Wakati huo mzigo ulikuwa makuta. Baada ya migomo ya walimu ya mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu. Nililala kwa shangazi Kolwezi. Wiki ya pili nilifukuzwa darasani pamoja na wenzangu kwa sababu ya ada. Shangazi aliuza makala mwezi mzima ili nirudi. Nilipoteza masomo ya mwanzo ya hesabu, na pengo hilo lilinifuata hadi mwaka wa mwisho.

Leo mambo yamebadilika kidogo. Sheria ya Februari 2014 inasema masomo ya msingi ni miaka minane, yaani darasa la saba na la nane zimo ndani yake. Septemba 2019 shule za msingi za serikali zikaanza kuwa bure. Watoto walioanza darasa la kwanza siku ile, waliofungiwa nyumbani na Covid kuanzia Machi 2020, ndio waliofika mwisho wa darasa la sita mwaka 2025. Ni kizazi cha kwanza cha masomo ya bure kugonga mlango wa sekondari. Ni wengi, na wazazi wengi wao hawajawahi kulipa minervali. Wanafika kwa prefe wakidhani bure inaendelea, na hapo ndipo mtoto anapobaki nyumbani.

Sasa mama wa sokoni, na wote wenye swali lake, hili ndilo jibu nililopaswa kutoa.

Karatasi kwanza. Chukueni buletini ya darasa la sita na cheti mara tu vinapotoka. Vipigeni picha kwa simu, na picha hiyo mwachieni pia ndugu anayeishi mji mwingine. Kama karatasi zilipotea vitani, nendeni kwa direkta na kwenye ofisi ya masomo mwezi wa saba. Msingoje kengele ya Septemba.

Pili, ulizeni ada yote kabla ya kuandikisha: kiasi gani, mara ngapi, lini. Ombeni iandikwe. Mzazi anayejua tarehe anaweza kuuza mihogo yake kwa wakati.

Tatu, lugha. Nyumbani mtoto anasema Kilunda, Kichokwe au Kiluba, sokoni Kiswahili. Kuanzia darasa la saba kila somo ni kwa Kifaransa. Likizo ya miezi miwili, akisoma kurasa mbili kwa sauti kila jioni mbele ya yaya wake, si kitu kidogo.

Nne, mahali pa kulala. Kama atakwenda Kasaji au Kolwezi, mzazi aende mwenyewe aone nyumba, aone nani analala humo, hasa kama ni binti. Na binti aliyepita asitolewe mahari. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza ndoa kabla ya miaka 18.

Tano, msibebe peke yenu. Blanketi la mjomba na unga wa jirani ndivyo vilivyowavusha watu wa reli.

Nilirudi sokoni kumtafuta yule mama. Binti yake ameandikishwa darasa la saba. Karatasi ilipatikana kwa mwalimu wake wa la sita, na majirani watatu walichangia iniforme. Ada ya muhula wa pili bado. Mama anauza sombe asubuhi na mandazi jioni, na amenituma niwaambie: mwenye deftari la zamani lenye kurasa tupu asilitupe.