Visiki vya Nachingwea: Kilimo Misitu na Swali la Nani Mwenye Mti

Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kugusa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulianza kwa kung'oa visiki. Kabla mbegu haijatiwa ardhini, mitambo mizito, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, ilipewa kazi ya kusafisha pori mpaka kwenye mizizi. Sehemu kubwa ya ekari zilizokusudiwa ilitengewa Jimbo la Kusini. Ikajengwa reli, ikajengwa bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa. Habari za udongo uliokuwa mgumu kama saruji, mvua zisizotabirika na haraka ya wakubwa zimesimuliwa mara nyingi. Mimi nashughulishwa na jambo moja tu katika kisa hicho: kisiki kilihesabiwa kuwa adui wa kilimo. Fikra hiyo haikuondoka na reli. Naiona ndani ya ushauri wa kilimo wa leo, naiona hata katika miradi inayogawa miche kwa nia njema, na nadai kwamba inamnyima mkulima mdogo wa Nachingwea na Ruangwa kinga ambayo tayari imelala shambani mwake.

Neno lenyewe linahitaji ufafanuzi. Wengi husema "kilimo mseto", lakini katika vitabu vya kilimo neno hilo hutumika pia kwa kuchanganya mahindi na kunde, pasipo mti hata mmoja. Hapa natumia "kilimo misitu": miti, mazao na pengine mifugo, vikitunzwa pamoja kwa makusudi kwenye kipande kimoja cha ardhi.

Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, zina msimu mmoja wa mvua. Hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katikati, aghlabu Januari au Februari, hutokea kipindi cha ukavu. Mkulima mwenye msimu mmoja hana pa kufidia akikosea. Mvua ikichelewa, mbegu aliyoipanda kavu huliwa na ndege. Ukavu wa katikati ukirefuka, mahindi hunyauka yakiwa yanatoa mbelewele, na hakuna vuli ya kumwokoa. Miezi hiyo hiyo ndiyo ghala huwa tupu. Ndipo kangomba, yule mlanguzi wa korosho, anapobisha hodi, akilipa sasa kwa bei ya kutupa korosho zitakazovunwa baadaye. Mabadiliko ya tabianchi yanamfikia mkulima kwa njia hiyo: ukavu wa Februari unageuka deni la Oktoba.

Sasa tuangalie shamba la ufuta. Pori hufyekwa kati ya Agosti na Novemba, huchomwa, na ufuta hupandwa mvua zikishatulia. Ukipita humo wakati wa palizi utaona kitu ambacho mwenye shamba anakiona ni kero: kila hatua chache kuna kisiki cheusi cha mtondoro au myombo, na pembeni mwa gamba lililoungua yametoka machipukizi kumi, kumi na tano, majani yake yakiwa bado mekundu. Mizizi iliyo chini ya kisiki hicho ina umri wa miaka mingi na imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni utahitaji miaka kuufikia. Mkulima anayakata kwa panga. Mwaka wa pili anayakata tena. Mwaka wa tatu magugu yamemzidi, rutuba imeshuka, anahamia pori lingine. Ufuta umewapa watu wa Lindi nyumba za bati na karo za shule, na sitaki kuubeza. Lakini kilimo chake cha kuhamahama ni miongoni mwa sababu kubwa za kutoweka kwa misitu ya mkoa huo.

Dodoma, ambako mvua ni haba kuliko Lindi, kampeni ya Kisiki Hai imekuwa ikiwafundisha wakulima kuchagua kisiki, kubakiza machipukizi machache yenye nguvu, kupogolea yaliyobaki, kuyawekea alama na kuyalinda. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudisha uoto kwenye eneo kubwa kwa kuhuisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Kote huko kazi kubwa ilikuwa kuiacha mizizi ya zamani ifanye kazi yake. Kusini, kwenye miyombo inayochipua kwa urahisi, sioni sababu ya kuanza na mifuko ya plastiki na miche inayomwagiliwa kwa ndoo.

Kuna hoja dhidi yangu, na ni nzito. Ufuta haupendi kivuli. Isitoshe, miyombo mingi haifungi naitrojeni, kwa hiyo asitokee mtu akaahidi mbolea ya bure. Faida yake ni majani yanayooza, upepo unaopunguzwa, maji yanayozama badala ya kutiririka, na kuni zinazopatikana karibu na nyumbani. Kwa sababu hiyo sitetei visiki vyote vilelewe. Natetea mistari na mipaka: visiki vichache kwa ekari, katikati vikipogolewa kila mwaka, pembeni vikiachwa virefuke. Naitrojeni itoke kwa mbaazi, ambayo mkulima wa kusini anaijua tangu utotoni. Mbaazi za muda mrefu hubaki shambani mahindi yakishavunwa, hupukutisha majani, hukomaa kwa unyevu wa chini. Lakini tukumbuke mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi kutoka nje na bei ikaanguka huku kwetu. Mkulima anapanda mbaazi auze. Rutuba ni ziada. Mpango wowote wa udongo usiotazama soko utasinyaa soko likisinyaa.

Mkorosho nao unastahili kutazamwa upya. Tunasema wilaya hizi zina miti mingi kwa sababu zina mikorosho mingi, na shamba changa la mikorosho kweli ni kilimo misitu: miti ikiwa kwenye nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani takriban 28 kwa ekari, katikati hupandwa mihogo, karanga, njugu mawe. Baada ya miaka kadhaa matawi hugusana, kivuli hufunga na chakula hutoweka. Hata korosho hupungua, kwa kuwa mkorosho huzaa kwenye ncha zinazopata jua. Kinachobaki ni msitu wa mti mmoja, na ugonjwa wa ubwiriunga haupati kizuizi. Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 zilikuwa takriban 16,500, kutokana na ugonjwa huo, bei mbovu, na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao. Salfa iliuokoa mti, na kila mwaka asubuhi za kiangazi mashamba hufunikwa na vumbi la njano. Lakini salfa huongeza tindikali ya udongo, na hapo ndipo tunapotaka mihogo na mahindi yaote.

Watafiti wameonyesha kwamba majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za mabuu wao, huwafukuza mbu wa mikorosho. Hukaa pia kwenye miembe na michungwa. Shamba lenye mwembe kati ya mikorosho linawahifadhi. Kiuatilifu kinachopulizwa bila kuchagua kinawaua. Kwangu huu ndio mchanganyiko unaostahili ruzuku, kama tunavyoipa ruzuku salfa.

Linabaki swali la umiliki, na ndilo lililo gumu. Kwenye vijiji vya kusini kupanda mkorosho ni kuweka hatimiliki. Ndiyo maana mwenye shamba la kukodisha humkataza mpangaji kupanda mti wa kudumu. Mpangaji huyo hatalea kisiki atakachoachiwa mwenzake. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao hufuatwa kwa mama na ambao kwa desturi mume alihamia kwa mkewe, mwanamume naye alisita kuwekeza kwenye ardhi ya wakwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zimeviwezesha vijiji kutenga misitu yao, na mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland, umevisaidia vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale kuvuna mbao kihalali. Mninga unaolelewa katikati ya shamba la mtu mmoja haujapata utetezi wa namna hiyo. Mwenye shamba anaona vibali vya kuvuna na kusafirisha, anaona ng'ombe waliokuja na wafugaji baada ya kuhamishwa Usangu mwaka 2006 na 2007, anaona moto wa jirani, na anachukua panga.

Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zinaweza kuandika kwamba mti uliolelewa kutoka kisikini ni mali ya aliyeulea, na kwamba mpangaji akiondoka atalipwa fidia kwa hesabu ya shina. Zinaweza kumtaka afisa ugani afike Septemba, kabla ya moto, atembee shambani na mume na mke pamoja, na kufunga kitambaa kwenye kila kisiki watakachokubaliana kukibakiza.