Walikwepa Kodi, Stata Ikawaumbua
Uingereza miaka ya 50, gari jipya zima lilikuwa na kodi ya manunuzi, ila ukinunua vipande ukaunga mwenyewe unaikwepa. Vijana wasio na mkwanja wakachangamka: wanachukua Ford kuukuu, wanavua bodi ya bati, wanavalisha ya faibaglasi. Inatoka kali kama ya mashindano!

Ishu ikawa umeme. Bati ndo lilikuwa njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faibaglasi haipitishi kitu. Taa zinafifia, stata inagonga "ta!" inanyamaza. Na betri zenyewe nyingi volti 6 tu. Jamaa ananunua betri mpya, bado "ta!" Kumbe dawa ni waya mnene kutoka injini hadi chesisi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na kila taa ipewe waya wake wa kurudi. Hela ya betri ndo imeshaenda hivyo, wadau.