Nani Anastahili Herufi Kubwa?

Shuleni huku Marekani tulifundishwa kirahisi tu: nomino ya kawaida, kama mto au mji, huanza kwa herufi ndogo, nomino ya pekee, kama Potomac au Washington, huanza kwa kubwa. Kalamu nyekundu ikapita, basi, mambo yakaisha. Lakini hiyo sheria ina historia, na si ya sarufi peke yake.

Sisi wa DMV hatuhitaji kwenda mbali. Shuka kituo cha Metro cha Archives, ingia Nyaraka za Taifa, uitazame Katiba ya 1787 yenyewe. Karibu kila nomino ina herufi kubwa: watu, muungano, haki, hata idadi. Enzi zile wengi waliandika Kiingereza hivyo. Watumwa nao, ambao Katiba haikuwataja kwa jina hilo bali iliwaita watu wengine na kuwahesabu kwa tatu ya tano, walipata herufi kubwa: Persons. Kumbe ilikuwa mtindo tu, wala si heshima.

Mtindo huo ukapitwa na wakati. Herufi kubwa ikabaki kwa majina ya pekee, na hapo ndipo ilipopata thamani. Waayalandi na Waitaliano waliandikwa kwa kubwa. "Negro" mara nyingi kwa ndogo, kama jina la kitu. Mwaka 1899, katika kitabu chake The Philadelphia Negro, W.E.B. Du Bois alieleza kwamba yeye ataliandika kwa kubwa, kwani Wamarekani milioni nane wanastahili. New York Times ilikubali mwaka 1930. Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd kuuawa, shirika la habari la AP likaamua vivyo hivyo kuhusu neno Black linapotaja watu.

Je, Kiswahili? Kwa karne nyingi watu wa pwani walikiandika kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina herufi kubwa wala ndogo. Utendi wa Tambuka uliandikwa hivyo huko Pate mwaka 1728. Sasa msomaji alitofautishaje? Mara nyingi kwa upatanisho. "Amani imerudi" maana yake vita vimekwisha. "Amani amerudi" maana yake kijana katoka shule, mpe chakula. Sikio linajua kabla ya jicho. Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, uhuru ulifika. Aprili 2013 Uhuru akaapishwa kuwa rais. Wala huhitaji kuona maandishi.

Nasema haya kwa sababu upatanisho ndio huwaponyoka upesi wengi waliokulia huku, na tunaambiwa si neno, mradi tunaeleweka. Mimi naona ni neno. Kiambishi a- ni cha viumbe wenye uhai. Ukisema "Neema imefika" na binamu yako kasimama mlangoni, umemfanya kitu. Du Bois alidai herufi moja ili watu wahesabiwe kuwa watu. Ya kwetu bibi zetu walishaiweka ndani ya kitenzi. Wakikusahihisha mezani, "sema amefika," usinune. Rudia, "amefika," kisha umkaribishe Neema.