Mbio Zikiisha, Mkimbiaji Ni Nani?



Juma hili jirani yangu aliniuliza kama ni vyema mwanawe, ambaye ni hodari wa mbio, aachishwe shule ili apate muda wa mazoezi. Nilimjibu kwa historia ya wakimbiaji wawili.

Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hata hivyo, hakukimbia Olimpiki hata mara moja. Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976, ikasusia na Moscow mwaka 1980. Mbio zilipomwishia, pombe ilimtawala, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye. Mtu aliyeshangiliwa na viwanja vizima akawa anaegesha magari ya watu na kubeba mizigo uwanja wa ndege huko Marekani.

Filbert Bayi wetu naye aliikosa Montreal kwa mgomo uleule, ilhali alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974. Moscow alipata medali ya fedha. Lakini Bayi alikuwa pia askari wa Jeshi la Wananchi. Alipovua viatu vya mbio, hakubaki mtupu. Baadaye alianzisha shule, na kwa miaka mingi akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Simhukumu Rono, aliyefariki mwaka 2024. Kubeba mizigo si aibu, na baadaye alifundisha vijana mbio. Ninachosema ni kwamba mwanariadha huitwa "mkimbiaji" tangu utotoni. Jina hilo likimeza majina yake mengine yote, siku miguu inapochoka hapotezi mshahara tu. Hajui tena yeye ni nani. Huo ni msiba usio na matanga, maana hakuna anayekuja kumpa pole.

Nilimwambia jirani: mwache kijana akimbie, lakini asiache shule. Rono alivunja rekodi zile nne akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ila shule peke yake haitoshi. Siku mwanao akirudi bila medali, mpokee kama mwanao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.