Nyumba za Santuri na Lugha ya Wimbo Nchini Kongo, 1948-1989

Wanafunzi wetu huuliza mara nyingi kwa nini muziki mashuhuri wa Kongo huimbwa kwa Kilingala, ilhali Kiswahili kinasemwa kote mashariki mwa nchi. Jibu wanalopewa aghalabu ni la utamu: eti Kilingala ni lugha ya mapenzi na dansi, na Kiswahili ni lugha ya kazi na mahubiri. Mwanaisimu hawezi kuridhika na jibu la namna hiyo, kwani hakuna lugha iliyoumbwa kwa ajili ya gitaa. Katika makala haya tunapendekeza kwamba sehemu kubwa ya jibu itafutwe katika historia ya wafanyabiashara waliomiliki mashine za kurekodi: mahali walipoziweka, na jinsi walivyojimudu kila mara chombo cha kubebea wimbo kilipobadilika.

Mwaka 1948 Mgiriki mmoja, Nicolas Jéronimidis, alifungua mjini Léopoldville nyumba ya santuri aliyoiita Ngoma. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy, akisaidiwa na gitaa la Henri Bowane, alitoa huko wimbo «Marie-Louise», ambao umaarufu wake uliwashtua hata wamisionari. Wafanyabiashara wengine hawakukawia kuona faida. Ndugu wawili wa ukoo wa Benatar wakaanzisha Opika, Papadimitriou akaanzisha Loningisa, na mnamo 1957 Antonopoulos akaanzisha Esengo. Hawakuwa wanamuziki. Papadimitriou, kwa mfano, alikuwa muuza vitambaa. Lakini msomaji ayaangalie majina waliyoyachagua. Esengo ni furaha, opika ni kushikilia imara, loningisa ni kutikisa; nayo ngoma inaeleweka kuanzia mlango wa mto Kongo mpaka Unguja bila mkalimani. Wageni hawa walijua kuuza, na walijua kwamba bidhaa hujinadi kwanza kwa jina.

Kazi yenyewe ilihitaji mtaji na subira. Wimbo ulirekodiwa Léopoldville, kisha sauti ikapelekwa Ulaya kukandamizwa kwenye santuri, na santuri zikarudi kwa meli. Zilikuwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, nzito, zenye kuvunjika kama chungu, na kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu. Aliyeweza kulipa leo na kungoja mzigo kwa miezi kadhaa ndiye aliyekuwa bwana. Mwanamuziki alipokea ujira wa kurekodi, na mara nyingi hata gitaa alilopiga lilikuwa mali ya nyumba. Kwa hiyo aliyetaka kusikika alilazimika kuja mjini palipokuwa na mashine, kukaa, na kuimba kwa lugha ya mji ule. Nyumba hizo zilirekodi nyimbo za lugha nyingine pia, na hatusemi kwamba mfanyabiashara alikikataa Kiswahili. Wala hatusahau kwamba Kilingala kilikuwa na nguvu nyingine, kikiwa lugha ya mto na ya jeshi la wakoloni. Hata hivyo, jeshi lilieneza amri na wala si nyimbo. Wimbo ulienezwa na duka.

Na Katanga je? Kutoka Léopoldville hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ni zaidi ya kilomita 1,500. Reli ya shaba ilielekea kusini, na biashara ya santuri iliifuata reli. Mnamo 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyefanya kazi pamoja na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, alifika Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, akamrekodi kijana mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda. «Masanga», wimbo wa Kiswahili cha Katanga, ulitoka kwa chapa ya Gallotone ukasikika sehemu nyingi za Afrika, na hadi leo wapiga gitaa wa nchi za mbali hujifunza kuupiga kidole kwa kidole. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco na Edouard Masengo walikwenda Nairobi, ambako Kiswahili kilikuwa na soko na redio. Kiswahili cha Katanga, basi, kilipata santuri lakini hakikupata nyumba. Kilichapwa na watu wa Johannesburg na wa Nairobi, na faida yake ikabaki huko. Hakuna Jéronimidis aliyekaa Elisabethville.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalikuja kwa njia mbili kwa pamoja, ufundi na siasa. Santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyobuniwa Marekani mwaka 1949, ilichukua polepole nafasi ya ile ya 78. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo, na ilisafiri salama ndani ya lori. Hata umbo la wimbo likabadilika. Wanamuziki wa Kongo walizoea kuugawa wimbo mmoja kwa pande mbili, maneno yakija kwanza na gitaa za dansi, zile ziitwazo seben, zikifuata. (Anayechunguza matini ya nyimbo za wakati huo hana budi kukumbuka kwamba ubeti unakatika pale santuri inapokwisha, na si pale mtunzi alipokata pumzi.) Kisha ukaja uhuru. Wagiriki, walioweza kusubiri meli, hawakuweza kusubiri serikali. Opika ilikuwa imekwisha kufungwa kabla yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Loningisa nayo ikazimika.

Aliyeiona nafasi hiyo mapema ni Joseph Kabasele. Mnamo Januari 1960 alikwenda Brussels na kundi lake, African Jazz, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, na huko «Indépendance Cha Cha» ikapatikana. Wengi wanaukumbuka wimbo. Wachache wanaukumbuka mkataba. Kabasele alipatana na kampuni ya Fonior ya Ubelgiji, akaanzisha chapa yake mwenyewe, Surboum African Jazz, na mwaka 1961 OK Jazz, wapinzani wake, walikwenda Ulaya kurekodi chini ya chapa hiyo. Alikuwa ameelewa kwamba nguvu imetoka dukani ikahamia katika makubaliano na mwenye kiwanda. Kwa maoni yetu, hilo ni tendo kubwa kuliko wimbo wenyewe. Lakini biashara yake ilisimama juu ya watu, na mwaka 1963 Tabu Ley na Docteur Nico walipomwacha kuunda African Fiesta, hakubakiwa na mengi ya kuuza.

Luambo Makiadi, yaani Franco, alijifunza somo hilo kwa utulivu zaidi. Alikuwa amelelewa na Loningisa tangu 1953, akijua vizuri maana ya kupiga gitaa la mwenye nyumba. Mwaka 1968 alianzisha Éditions Populaires. Mwaka huohuo mpiga saksafoni wake, Verckys Kiamuangana Mateta, alirekodi kwa siri, pamoja na wenzake wa OK Jazz, nyimbo za chapa yake mwenyewe, Vévé. Walitengana. Verckys akawa tajiri wa aina mpya: aliwanunulia vijana ala, akawapa mahali pa kurekodi, na makundi kama Bella Bella na Lipua Lipua yakakua chini ya mkono wake. Hapa tunamwona yule Mgiriki wa 1948 amerudi, safari hii akizungumza Kilingala cha nyumbani na kujua kupiga saksafoni. Mwenye ala bado ndiye mwenye kundi.

Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kutwaliwa kwa biashara za wageni na kukabidhiwa wananchi. Katika mgawanyo huo Mazadis, kiwanda cha kukandamiza santuri mjini Kinshasa, kikawa chini ya Franco. Aliyekuwa akingojea zamu ya mashine sasa ndiye aliyeipanga. Lakini mashine haili uzalendo. Malighafi ya santuri ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilizidi kuadimika. Mwaka 1980 Fonior ilifilisika huko Ubelgiji, na Franco akaanza kuhamishia utoaji wake Ulaya kwa chapa mpya, Visa 1980 na baadaye Choc. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989.

Wakati huo adui wa nyumba zote alikuwa amekwisha kuingia mitaani: kanda ya kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963. Santuri ilihitaji kiwanda. Kaseti ilihitaji redio mbili na waya. Wenye chapa waliita jambo hilo wizi, na kwa upande wa haki za mtunzi walisema kweli. Lakini kwa upande wa lugha zetu hesabu ni nyingine. Kwa mara ya kwanza sauti ya Lubumbashi haikuhitaji kupitia Kinshasa, wala Johannesburg, wala Nairobi. Kwaya, mahubiri, vichekesho na magitaa ya mitaani viliweza kunakiliwa kwa Kiswahili cha hapahapa, nakala moja baada ya nyingine, bila kuomba ruhusa kwa mwenye mashine.

Kilichokosekana ni mtunzaji. Rekodi za Tracey zimo katika maktaba ya muziki huko Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, pamoja na majina ya waimbaji na ya mahali waliporekodiwa. Baada ya Fonior kuanguka, sehemu ya nyimbo za Kinshasa iliuzwa tena mjini Paris na Sonodisc. Kanda za Katanga hazikuwa na namba wala daftari, kwa kuwa aliyezinakili hakuwa na biashara ya kulinda. Na kaseti tupu ilipokosekana sokoni, mwenye nayo alichukua ya zamani akarekodi juu yake.