Njia mbili kati ya seva na diski

Pesa ya simu ya mhami aliyefika Bukavu haikai ndani ya simu yake. Hesabu yake imeandikwa kwenye diski za kampuni. Simu ikipotea, pesa ipo. Njia ya kufikia diski ikikatika, pesa ipo lakini haitoki.

Zamani kila seva ilibeba diski zake ndani. Seva ikifa, data inafungwa nayo. Miaka ya 1990 wahandisi walizitenganisha: diski kwenye ghala moja, seva nyingi zikiunganishwa nalo. Kanuni ya Fibre Channel ilikubaliwa Marekani mwaka 1994. Mwaka 2004 ikafuata iSCSI, inayopita kwenye mtandao wa kawaida.

Hatari ikahamia kwenye waya. Ndiyo maana seva hupewa njia mbili, kila moja na waya na swichi yake. Programu inazichunga: moja ikikatika, kazi inapita nyingine. Ni kama msafiri wa Goma: ziwa likichafuka, anashika barabara ya Kalehe.

Lakini njia mbili zikipita mahali pamoja, zinakatika pamoja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini EASSy na Seacom zilikatika siku moja karibu na Durban. Upande wa kaskazini, Seacom ilikuwa imeshakatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari. Tanzania, Kenya na hata Rwanda, intaneti ilidhoofika. Diski zilikuwa nzima, watu hawakuzifikia.

Basi anayetunza hesabu za wahami aulizwe mawili: data iko wapi, na njia zake zinapita wapi?