HENIA YA HAYATASI: KIUNGULIA KISICHOISHA, UNYWE DAWA AU UENDE KWENYE KISU?



Kuna kitu nakiona sana huku mtaani. Mtu akisema kifua kinamchoma baada ya kula, hata hajamaliza kuongea ameshaambiwa "hivyo ni vidonda vya tumbo hivyo". Anaenda duka la dawa, anapewa omeprazoli, akipata nafuu anaacha, ikirudi ananunua tena. Miaka inakatika. Siku akipata hela ya kupimwa kwa kamera anaambiwa vidonda hana, ana henia. Hapo ndo anachanganyikiwa kabisa, maana kibongobongo henia ni ngiri, na ngiri kila mtu anajua inakaa wapi!

Basi leo tuiongelee hiyo henia ya juu, inaitwa henia ya hayatasi. Mimi sio daktari, nimeisoma tu kwa muda mrefu, kwa hiyo chukua hii kama maelezo ya kukuwezesha kuongea vizuri na daktari wako, sio kumkimbia.

NI KITU GANI HASA?

Kumbuka baiolojia ya sekondari. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotusaidia kupumua. Kiwambo kina tundu, na umio (bomba la kupitisha chakula) unapita hapo kwenda kwenye mfuko wa tumbo. Tundu hilo ndo hayatasi. Likilegea au likitanuka, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo inapanda na kuingia kifuani. Hiyo ndo henia yenyewe.

Sasa kwa nini inachoma? Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaobana kama mdomo wa mfuko wenye kamba, ili tindikali ya tumboni isirudi juu. Kiwambo nacho kinasaidia kuubana kutoka nje. Mfuko ukipanda, viwili hivyo havikai tena sehemu moja, mlango unalegea, tindikali inapanda. Kwa hiyo kinachokuunguza sio lile tundu, ni tindikali. Shika hapo, maana mambo mengi ya matibabu yanaanzia hapo.

Zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuteleza, inapanda na kushuka, na ndo waliyonayo zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye tatizo hili. Ya pili mfuko unapenya pembeni ya umio na kukaa kifuani. Hii ni chache lakini ndo yenye noma, kwa sababu mfuko unaweza kujisokota na damu ikakatika.

Inaletwa na nini? Umri, unene, mimba, kukohoa kwa muda mrefu, kujikamua sana chooni, kunyanyua mizigo mizito. Wengine wamezaliwa nayo. Na watu wengi wenye umri mkubwa wanayo na hawajui, haiwasumbui chochote. Kwa hiyo kuona neno henia kwenye majibu yako sio hukumu.

Na hapa niseme wazi: haihusiani na ngiri ya kinena, wala ngiri maji, wala nguvu za kiume. Wanawake wanaipata pia. Yule anayekuuzia mizizi ya "ngiri zote" hajui hata ngiri yako iko wapi. Mzizi hauwezi kushona tundu la kiwambo, na hata omeprazoli haiwezi, tofauti ni kwamba omeprazoli haijawahi kudai hivyo.

DALILI

Kiungulia, hasa ukilala au ukiinama kufunga kamba za viatu. Maji machungu au chakula kurudi mdomoni. Kubeua sana. Kushiba haraka. Wengine wanapata kikohozi cha usiku au sauti ya kukwaruza asubuhi, wanahangaika na dawa za mafua bure. Henia kubwa inaweza kuvuja damu kidogo kidogo hadi mtu anaishiwa damu bila kuona damu yoyote.

Zifuatazo hazisubiri wikiendi iishe: kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kiwe cheusi, ila ukiwa na mashaka nenda), kupungua uzito bila sababu, na chakula kukwama kikishuka. Hilo la kukwama wengi wanalipuuza. Afrika Mashariki tuko kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Saratani hiyo kwa sehemu kubwa haitokani na tindikali, na mwanzoni inaweza kujionyesha kama "chakula hakishuki vizuri" tu. Tukiwa hapohapo, chai iache ipoe kidogo: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani hiyo.

Halafu maumivu ya kifua ya ghafla, yanayobana, na jasho au yanayokwenda mkononi au kwenye taya, hayo ni ya kwenda hospitali sasa hivi. Usiseme "ni henia yangu tu". Moyo na umio ni majirani, hata madaktari wanahitaji kipimo kuwatofautisha. Na kifua kikiuma huku unajikamua kutapika na hakitoki kitu, mfuko unaweza kuwa umejisokota. Hiyo nayo ni dharura.

KUPIMWA

Kipimo chenye maana ni endoskopia, ile ya kumezeshwa mpira wenye kamera. Haipendezi lakini inachukua dakika chache, na koo linapuliziwa dawa ya ganzi. Muhimbili, KCMC na Bugando wanafanya, na hospitali binafsi kadhaa. Gharama ulizia kabla, na kama una bima uliza kwanza inalipia nini. Kipimo kingine ni eksirei ya kunywa bariamu, maji meupe mazito yanayoonyesha umbo la umio na mfuko.

Vipi kile kipimo cha damu cha bakteria wa H. pylori kinachofanyika kila kona? Bakteria hao wanaleta vidonda kweli, lakini huku kwetu watu wazima wengi wanao, na kipimo cha damu kinaweza kusoma chanya hata baada ya kupona. Kwa hiyo chanya peke yake haisemi kwamba kiungulia chako kinatokana na wao. Kipimo cha choo au cha pumzi ni bora zaidi, ila uwe umeacha omeprazoli wiki 2 na antibayotiki wiki 4. Na hata ukiwaua wote, henia inabaki palepale.

KUISHI NAYO

Bei rahisi kuliko zote: inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20. Weka matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu miwili ya upande wa kichwani. Sio kurundika mito, mito inakukunja tumbo na kusukuma tindikali juu zaidi. Kula angalau masaa 3 kabla ya kulala. Najua kibongobongo chakula cha usiku ni saa tatu na saa nne mtu kalala, basi angalau kula kidogo usiku, mchana ndo ushibe. Lala ubavu wa kushoto. Legeza mkanda. Kama una kilo za ziada, kuzipunguza kunasaidia kweli, na sigara na pombe zinalegeza ule mlango.

Vyakula? Hapa kila mtu ana orodha yake ya makatazo, mwishowe mgonjwa anabaki na uji tu. Ukweli ni kwamba inatofautiana. Mwingine ni pilipili, mwingine chapati za mafuta, mwingine soda au kahawa. Andika wiki mbili kinachokuchoma wewe, acha hicho. Maziwa baridi yanatuliza kwa muda mfupi, sio tiba.

DAWA

Kuna makundi matatu. Kwanza vile vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na wenzake. Vinazima moto haraka, ila vinaisha nguvu haraka. Onyo moja ambalo duka la dawa wanaweza wasikuambie: kama uko kwenye ARV zenye dolutegraviri, usizimeze pamoja na dawa hizi, zinazuia ARV kuingia mwilini. Meza ARV masaa 2 kabla au masaa 6 baada. Antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo zinaathirika.

Kundi la pili ni kama famotidini. Ranitidini ilikuwa humo, ila mwaka 2020 Marekani na nchi nyingine ziliiondoa sokoni baada ya kukutwa na uchafu unaoweza kuleta saratani. Ukiona mtu bado anaiuza, mwachie.

La tatu ndo omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli. Hizi zinapunguza utengenezaji wa tindikali yenyewe. Kosa la wengi ni kuimeza usiku tumbo likiwa limejaa, au siku inayouma tu. Inatakiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kila siku, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, halafu daktari aangalie. Ukiiacha ghafla baada ya muda mrefu tindikali inaweza kurudi kwa fujo wiki chache, ndo maana watu wanadhani wamezidiwa. Bora kupunguza polepole. Miaka mingi ya kuitumia imehusishwa na kushuka kwa magnesiamu na vitamini B12 na mifupa kuvunjika, kwa hiyo tafuta dozi ndogo inayokutosha. Lakini kama daktari kakuambia umio umechubuka vibaya, usiiache kwa sababu ya kitu ulichosoma intaneti (hata hapa). Na mwambie kama unatumia rilpivirini au atazanaviri, haziendi pamoja.

KISU

Operesheni inaitwa fandoplikesheni. Rudolf Nissen aliifanya mara ya kwanza 1955 huko Basel, Uswisi. Mfuko unashushwa chini, tundu linashonwa, kisha sehemu ya juu ya mfuko inazungushwa kwenye mwisho wa umio kama skafu ili mlango ubane. Tangu 1991 inafanywa pia kwa matundu madogo na kamera.

Nani anafaa? Mwenye henia ya pembeni inayomsumbua, mwenye maji au chakula kinachorudi juu hata akiwa kwenye dawa, anayeishiwa damu, au asiyetaka au asiyeweza kumeza vidonge maisha yote. Ila kama omeprazoli iliyomezwa vizuri haikusaidii hata kidogo, kuwa makini! Inawezekana tatizo sio tindikali kabisa, na kisu hakitasaidia pia. Ndo maana kabla ya operesheni wanatakiwa kupima tindikali ya umio na nguvu ya misuli yake.

Kuna utafiti wa Ulaya unaitwa LOTUS, matokeo ya miaka 5 yalitoka 2011. Watu 554, wote wakiwa ni wale ambao dawa iliwasaidia. Waliobaki kwenye esomeprazoli asilimia 92 walikuwa bado wako sawa, waliofanyiwa operesheni asilimia 85. Yaani kama dawa inakufaa, hakuna cha kukukimbiza kwenye kisu.

Na kisu kina bei yake mbali na hela. Wiki za kwanza chakula kinashuka kwa shida, unakula vilaini tu. Wengine hawawezi kubeua wala kutapika tena, tumbo linajaa gesi. Kubeba mizigo mizito marufuku kama wiki 6, na ukiwa dereva wa bodaboda au mbeba zege hiyo ni mwezi na nusu bila hela, lipigie hesabu mapema. Henia inaweza kurudi, na wapo wanaorudi kwenye vidonge baada ya miaka.

Mwenye henia ya pembeni isiyo na dalili naye asikurupuke. Uwezekano wa kuhitaji operesheni ya dharura ni kama asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo kwa mzee mwenye matatizo mengine kusubiri huku akifuatiliwa ni uamuzi halali kabisa. Kijana mwenye nguvu anaweza kuamua tofauti.

Ukifika kwa daktari wa upasuaji muulize: henia yangu ni ya aina gani na ina sentimita ngapi? Ameshafanya operesheni hii mara ngapi? Atazungusha mfuko mzima au nusu? (Wa nusu unaleta gesi kidogo zaidi.) Ikirudi tutafanyaje? Akikasirika kwa maswali hayo, tafuta mwingine.

Mdau aliyeshafanyiwa, iwe Bongo au nje, aachie hapo chini alikula nini wiki ya kwanza, hilo wengi wanaliuliza. Nawasilisha.